Mwezi umezaliwa, je, umeandama? Kwa nini Idi huangukia siku mbili

Ramadhani ya mwaka 2024 iliacha fumbo ambalo wengi walilipita tu. Saudi Arabia ilianza kufunga Jumatatu, tarehe 11 Machi. Oman ilianza Jumanne, tarehe 12, na ndivyo walivyofanya Waislamu wengi wa Tanzania na Kenya. Mwisho wa mwezi wote wakaswali Idi siku moja, Jumatano tarehe 10 Aprili. Waliotangulia walifunga siku 30, waliofuata wakafunga 29, na hakuna aliyevunja kanuni, kwa kuwa mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30.

Barazani na kwenye makundi ya WhatsApp mjadala wa kila mwaka huenda kwa mkondo uleule. Mmoja huuliza iweje binadamu aliyekwishafika mwezini ashindwe kujua mwezi umeandama lini. Wa pili humjibu kwamba Makka ni mbali, jua lao si jua letu. Wa tatu husema hizi zote ni siasa. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, isipokuwa wa pili, ambaye hoja yake ndiyo inayorudiwa sana na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Tatizo ni kwamba maswali matatu huulizwa kwa pumzi moja. Mwezi uko wapi? Jicho linaweza kuuona? Na ni nani mwenye kauli ya kusema umeonekana, kwa niaba ya watu wa eneo gani? Swali la kwanza limeshajibiwa, tena kwa usahihi mkubwa mno. La pili hujibiwa kwa kukadiria uwezekano. La tatu halitatuliwi na darubini yoyote.

Hesabu isiyo na ubishi

Tangu jua na mwezi wakutane upande mmoja wa anga mpaka wakutane tena, hupita wastani wa siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde 3. Huo ni wastani. Kwa sababu njia ya mwezi si duara kamili, mzunguko mmoja unaweza kuchukua siku 29 na saa 7 hivi, na mwingine siku 29 na saa 20. Wakati huo wa kukutana wanafalaki huuita ijtimai, na mitaani husemwa mwezi umezaliwa. Hutokea kwa dunia nzima mara moja, katika sekunde ileile. Kinachobadilika ni saa iliyoandikwa ukutani: saa 6 mchana ya Dar es Salaam ni saa 5 asubuhi ya Bujumbura.

Hesabu hizi zinaaminika kwa sababu zinapimwa. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini kioo maalumu cha kurudisha mwanga, na vingine vikaongezwa baadaye na Wamarekani na Wasovieti. Vituo vya duniani hupiga miale ya leza kwenye vioo hivyo na kupima muda wa kwenda na kurudi, hivyo umbali wa mwezi hujulikana kwa usahihi wa sentimita chache. Ndiyo maana inajulikana pia kwamba mwezi unatukimbia kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka.

Asiyeamini takwimu ana ushahidi mwingine wa kuona kwa macho, nao ni kupatwa kwa jua. Jua hupatwa wakati wa ijtimai tu, pale mwezi unapopita mbele yake hasa. Tarehe 8 Aprili 2024 jua lilipatwa kikamilifu Mexico, Marekani na Kanada. Ijtimai ya siku hiyo ilikuwa saa 3 na dakika 21 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Pwani yetu jua lilikuwa limeshatua kitambo, karibu saa 12 na nusu jioni, na mwezi ulikuwa umetangulia kuzama kabla ya jua lenyewe. Kwa hiyo aliyesimama ufukweni jioni ile, awe Mombasa au Jiddah, hakuwa na mwezi wa kutafuta. Saudi Arabia ilikuwa na Ramadhani 29 siku hiyo, ikabidi ikamilishe 30. Oman na sisi tulikuwa na Ramadhani 28. Jioni iliyofuata, tarehe 9, mwezi ulikuwa na umri wa saa 21 na ulikuwa umeliacha jua kwa takriban nyuzi 12 za pembe, kiasi kinachoonekana kwa macho mbingu ikiwa safi. Fumbo likafumbuka: waliotofautiana mwanzoni walikutanishwa na mwezi ambao haukumwachia mtu nafasi ya kubishana.

Tofauti ilitokea mwanzoni. Tarehe 10 Machi mwezi ulizaliwa saa 6 kamili mchana kwa saa zetu. Jua lilipotua Makka, ulikuwa na umri wa saa 6 na nusu tu, na pembe kati yake na jua ilikuwa kiasi cha nyuzi 4. Saudi Arabia ilitangaza kwamba umeonekana. Oman ikasema haukuonekana, na huku kwetu pia.

Hapa ndipo hoja ya "jua lao si jua letu" inapoanguka. Makka iko longitudo 39.8 mashariki. Mombasa iko 39.7, na Dar es Salaam 39.3. Ni mstari mmoja wa kaskazini hadi kusini. Mwezi Machi, usiku na mchana zinapokaribia kulingana, jua hutua Makka na Mombasa kwa tofauti ya dakika chache tu. Umri wa mwezi machweo ya Makka ni uleule wa machweo ya Mombasa. Mji ambao kweli una jua lake ni Maskati, longitudo 58.4, ambako jua hutua zaidi ya saa moja kabla ya letu. Na bado Maskati ndiko tulikokubaliana nako.

Unywele mbele ya taa

Kuzaliwa hakutoshi. Mwezi hujitenga na jua kwa takriban nusu nyuzi kila saa, na wakati wa ijtimai upande wake wenye mwanga umetupa kisogo. Hata pembe ikifika nyuzi 10, unene wa hilali, yaani ule mwezi mwembamba wa kwanza, katikati yake ni kama sekunde 14 za nyuzi (nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja sekunde 60), sawa na unywele mmoja wa kichwa ukitazamwa kutoka mita moja. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu vilivyoachana kwa kiasi cha dakika moja ya nyuzi, ambayo ni sekunde 60. Kwa maneno mengine, hilali changa ni nyembamba kuliko uwezo wa jicho wa kupambanua. Tunauona kwa sababu tu mwanga wake unazidi mwanga wa mbingu iliyo nyuma yake. Ukipungua tofauti hiyo, mwezi upo lakini jicho halina habari.

André Danjon, mwanafalaki Mfaransa, aligundua katika miaka ya 1930 kwamba chini ya takriban nyuzi 7 za pembe kati ya jua na mwezi hilali haionekani kabisa. Kadiri pembe inavyopungua ncha za hilali hukatika kwanza, upinde hufupika, kisha hubaki kipande kidogo kisichoshinda mwanga wa anga. Wataalamu wamebishana kama mpaka halisi ni 7 au 6 na kitu, lakini hakuna mtaalamu anayeushusha hadi 4 kwa macho matupu.

Hapa kuna adui wa pili, hewa. Ukitazama juu utosini unatazama kupitia tabaka moja la angahewa. Kitu kilicho nyuzi 10 juu ya upeo wa macho unakiona kupitia hewa mara 5 na nusu ya hiyo, na kilicho nyuzi 5 mara 10. Ongeza unyevu wa pwani, moshi wa kuchoma mashamba, na mawingu ya masika yanayojipanga magharibi jioni. Mwezi ambao ungeonekana kirahisi kutoka kwenye kilele kikavu unaweza kufa kabisa machoni mwa mtu wa Tanga.

Upande wetu tuna bahati moja. Karibu na ikweta jua na mwezi hushuka karibu wima, kwa hiyo mwezi ulioachana na jua kwa nyuzi 10 huwa juu yake kwa karibu zote 10. Ulaya ya kaskazini, katika baadhi ya miezi, nyuzi hizohizo hulala ubavuni na mwezi huzama karibu pamoja na jua. Waswahili wanaoishi Norway au Uingereza wanaosubiri kuuona wao wenyewe wana kazi ngumu kuliko jamaa zao wa Zanzibar, hata kabla ya kuhesabu mawingu.

Adui wa tatu ni ubongo. Mwaka 1994 LeRoy Doggett na Bradley Schaefer wa Marekani walichapisha matokeo ya jioni tano za kutafuta hilali zilizoshirikisha watu zaidi ya 2,000 Amerika Kaskazini. Baadhi ya ripoti za "nimeuona" zilikuwa za makosa. Hawa hawakuwa waongo, na wala hawakuwa na faida ya kupata. Mtu akiambiwa mwezi utakuwa pale, akasimama na wenzake wanaonong'ona, akakodoa macho kwenye anga jekundu kwa nusu saa, macho hutoa kitu. Inaweza kuwa ncha ya wingu inayopigwa na jua, kipande cha moshi wa ndege, sayari ya Zuhura, au vile vijinyuzi vinavyoelea ndani ya jicho lenyewe.

Vitabu vya zamani vya Kiarabu vinasimulia kisa cha Anas bin Malik, sahaba aliyekuwa amekaribia miaka mia, aliyesema ameuona mwezi huku wenzake hawauoni. Kadhi Iyas bin Muawiya akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho lake. Akaulaza kwa mkono, kisha akamwomba amwonyeshe tena mwezi uko wapi. Anas hakuuona tena. Iyas hakumwita mzee mwongo, alichunguza tu kitu gani kilikuwa mbele ya jicho.

Kwa nini hesabu peke yake haijatuunganisha

Wengi husema dawa ni moja, kuacha kutazama na kufuata hesabu. Hoja hii ina nguvu, lakini kwanza mtu aulizwe: hesabu ya kitu gani? Ukihesabu kuzaliwa, utapata jibu moja kwa dunia nzima. Ukihesabu uwezekano wa kuonekana, itabidi uchague kipimo, na vipimo ni vingi.

Kalenda ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia, tangu mwaka 2002, hutaka mambo mawili kwa Makka: mwezi uwe umezaliwa kabla ya jua kutua, na uzame baada ya jua. Haisemi lolote kuhusu kuonekana. Mkutano wa Istanbul wa mwaka 1978 kuhusu mwandamo wa mwezi ulitaka mwezi uwe nyuzi 5 juu ya upeo na nyuzi 8 mbali na jua. Brunei, Indonesia, Malaysia na Singapore sasa hutumia nyuzi 3 na nyuzi 6.4. Bernard Yallop wa Uingereza, mwaka 1997, alitengeneza fomula inayochanganya unene wa hilali na tofauti ya kimo kati ya mwezi na jua, ikigawa matokeo katika madaraja sita, kutoka "unaonekana kirahisi" hadi "hauwezekani hata kwa darubini". Hicho ndicho kipimo kilicho nyuma ya ramani nyingi za rangi zinazosambazwa mitandaoni kila Shaabani 29.

Tarehe 20 Aprili 2023 vipimo hivi viligombana hadharani. Mwezi ulizaliwa saa 1 na dakika 12 asubuhi kwa saa zetu, na jua likapatwa Australia magharibi asubuhi hiyohiyo. Machweo ya Makka mwezi ulikuwa na saa 11 na nusu na ulizama baada ya jua, kwa hiyo kalenda ya Umm al-Qura ikaridhika. Pembe yake na jua lakini ilikuwa karibu nyuzi 6, chini ya mpaka wa Danjon. Saudi Arabia ikaswali Idi tarehe 21, Oman tarehe 22. Indonesia, nchi ambayo pande zote mbili hutumia hesabu kwa bidii, iligawanyika ndani kwa ndani: jumuiya ya Muhammadiyah tarehe 21, serikali tarehe 22. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Walikuwa wanahesabu vitu tofauti.

Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wamelimaliza suala hili kwa njia nyingine. Kalenda yao haiangalii mbingu wala haisubiri tangazo. Ni mzunguko wa miaka 30 yenye jumla ya siku 10,631, miezi ikipishana 30 na 29, na miaka 11 kati ya hiyo ikiongezewa siku moja. Wastani wake unakosea siku moja katika kiasi cha miaka 2,500. Ndiyo maana mara nyingi huwaona wameshaswali Idi siku moja au mbili kabla ya jirani zao, na huwasikii wakibishana kuhusu darubini.

Kuna pia wanaodhani kamera itamaliza kesi. Tarehe 8 Julai 2013 Thierry Legault, Mfaransa, aliupiga picha mwezi katika sekunde ya kuzaliwa kwake, mchana kweupe, ukiwa nyuzi 4.4 kutoka kwenye jua. Alitumia kichujio cha miale ya infraredi na ngao mbele ya darubini iliyozuia mwanga wa jua kuingia. Picha ni nzuri ajabu. Lakini ukikubali hilali ya namna hiyo, kuona na kuzaliwa vinakuwa kitu kimoja, na neno "kuonekana" halibaki na kazi. Ukiikataa, unatakiwa useme mpaka ni darubini ya ukubwa gani. Kwa maoni yangu, anayedai darubini bila kutaja mpaka huo hajasema kitu bado.

Kauli ya nani, mpaka wapi

Msingi wa mgawanyiko ni wa zamani sana kuliko dola za leo. Hadithi ya Kurayb, iliyo katika Sahih Muslim, inaeleza alivyotumwa Sham (eneo la Syria ya leo) akauona mwezi huko usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina, Ibn Abbas akamwambia wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na kwamba wataendelea kufunga mpaka wauone au watimize 30. Alipoulizwa kama kuona kwa Muawiya, mtawala wa huko, na watu wa Sham hakutoshi, akasema hapana. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, yaliipa nguvu kauli ya kila eneo na matlai yake, yaani upeo wake wenyewe wa kuandama mwezi. Kauli mashuhuri katika madhehebu mengine matatu ya Sunni ni kwamba ukionekana mahali pamoja umewatosha wote. Wanaofuata "mwezi wa kimataifa" na wanaofuata "mwezi wa nchi" kwa hiyo wote wana kitabu cha kukifungua.

Siasa inaingia pale matlai inapogeuzwa kuwa mpaka wa nchi. Kwa utaratibu wa sasa, mwezi ukionekana Kigoma unamtosha mtu wa Tanga, zaidi ya kilomita 1,000 mashariki. Ukionekana Horohoro, haumlazimu mtu wa Lunga Lunga aliye upande wa pili wa mpaka, maana yeye anamsubiri Kadhi Mkuu wa Kenya, na wa Horohoro anamsubiri Mufti. Falaki haijui mpaka huu. Dola inaujua, na ina sababu zake: likizo ya umma, mishahara, mitihani na benki vinahitaji tarehe moja ndani ya nchi moja. Hizo ni sababu za kiutawala, na ni halali. Kosa ni kuzivisha joho la falaki.

Mbingu yenyewe ina mantiki yake ya mashariki na magharibi. Kadiri unavyokwenda magharibi jua hutua baadaye, kwa dakika 4 kila nyuzi ya longitudo, na mwezi unazidi kukua. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna karibu nyuzi 10, hivyo mwezi wa Kigoma ni mkubwa kwa dakika 40 hivi. Ukionekana Maskati, kwa kawaida utaonekana Lamu kirahisi zaidi. Usipoonekana Maskati, hilo halimzuii mtu wa Goma. Kuwapigia simu jamaa wa Oman kuuliza kama wameuona ni ushahidi mzuri jibu likiwa "ndiyo", na si ushahidi jibu likiwa "hapana".

Kuutafuta bila kudanganyika

Anayetaka kutoka nje mwenyewe aanze mezani. Programu ya bure kama Stellarium inatosha. Weka mji wako hasa, kisha hakikisha saa za eneo: Tanzania, Kenya na Uganda ni UTC+3, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ni UTC+2. Kosa la saa moja hapa hubadilisha umri wa mwezi na kuleta ugomvi usio na maana. Na 18:20 ya programu ni saa 12 na dakika 20 jioni.

Andika mambo manne: jua linatua saa ngapi, mwezi unazama saa ngapi, kimo cha mwezi jua likitua, na umbali wake kushoto au kulia kwa mahali jua lilipozamia. Hakikisha programu inakupa nafasi ya mwezi kama inavyoonekana kutoka ulipo, si kutoka katikati ya dunia. Tofauti hiyo karibu na upeo wa macho hufika takriban nyuzi moja nzima, na mwezi unaoonekana ni ule wa chini zaidi. Majedwali mengi yanayotumwa mitandaoni hayasemi yametumia ipi.

Usiangalie umri wa mwezi peke yake. Saa 20 za mwezi ulio karibu na dunia, unaokwenda mbio, si sawa na saa 20 za mwezi ulio mbali. Pembe na kimo ndivyo vinavyoamua.

Wakati bora hukadiriwa hivi: chukua muda kati ya kutua jua na kuzama mwezi, uzidishe kwa 4, ugawe kwa 9, uongeze kwenye saa ya kutua jua. Tuseme mwezi uko nyuzi 9 juu jua likitua. Hapa kwetu utazama baada ya dakika 36 hivi, kwa kuwa kila nyuzi hushuka kwa dakika 4. Wakati bora ni dakika 16 baada ya jua kutua, na hapo mwezi utakuwa umebaki na nyuzi 5 tu. Wanaoanza kutazama dakika ya kwanza hupata mbingu angavu mno, wakachoka na kuondoka kabla ya dakika zenyewe. Wanaosubiri giza huukuta umezama.

Mahali pawe na upeo wazi wa magharibi. Hili ni tatizo la pwani ya bara, maana bahari yetu iko mashariki. Mji Mkongwe wa Zanzibar una bahari magharibi na ni mahali pazuri. Bujumbura ina milima ya juu ya Uvira, inayokula nyuzi kadhaa za chini, na mwezi mchanga unaweza kuzama nyuma yake ukiwa bado "upo" kwenye programu. Kupima kimo, nyosha mkono: ngumi ni takriban nyuzi 10, vidole vitatu vya kati nyuzi 5, kidole kidogo nyuzi 1.

Darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 husaidia sana kuupata mwezi, kisha ujaribu kwa macho matupu. Isielekezwe magharibi kabla jua halijazama lote, kwa kuwa sekunde moja inatosha kuharibu jicho daima. Kabla ya kutazama mbingu tupu, tazama kwanza kitu cha mbali, kama jahazi au mlima. Jicho lisilo na kitu cha kushika hujivuta lenyewe kwenye umbali wa karibu, na hilali hufifia bila wewe kujua kwamba huoni vizuri.

Ukidhani umeuona, usiseme wala kunyoosha kidole. Fumba macho, geuka, tazama tena. Chomeka kijiti au pima kwa ngumi mahali ulipouona, na mwenzako afanye hivyo peke yake kabla hamjazungumza. Subiri dakika 8: mwezi wa kweli utakuwa umeshuka nyuzi 2, sawa na upana wa mwezi mpevu mara nne. Kinachotembea pamoja na jicho lako kiko ndani ya jicho. Kilichobaki palepale, au kilichobadilika umbo, ni wingu.

Kwa wanaopokea ushahidi, maswali yenye faida ni machache. Ulikuwa kushoto au kulia kwa jua, na kwa ngumi ngapi? Saa ngapi uliuona mara ya kwanza na ya mwisho? Pembe zake zilielekea wapi? Tumbo la hilali hulielekea jua siku zote, na jua liko chini, kwa hiyo karibu na ikweta pembe huelekea juu. Shahidi anayesema zilielekea chini ameona kitu kingine, awe mcha Mungu kiasi gani. Na ikiwa mwezi ulikuwa umeshazama kabla ya jua, hakuna haja ya swali la pili.

Kitu kimoja kinakosekana kabisa katika ukanda wetu, nacho hakihitaji fedha: daftari la pamoja. Madrasa, shule na misikiti kumi kutoka Lamu hadi Uvira, kila mwezi wa Kiislamu na si Ramadhani na Shawwal peke yake, waandike tarehe, mahali, hali ya anga, saa ya kuanza na ya kumaliza, waliokuwepo wangapi, darubini au macho, na mchoro mdogo. Miezi kumi na miwili kwa mwaka inatoa mazoezi kumi na mawili, ambayo mengi hayana joto la Idi ndani yake. Baada ya miaka mitatu au minne pangekuwa na kipimo cha anga letu wenyewe, chenye unyevu wetu na moshi wetu, badala ya kukopa vipimo vya kwingine. Ripoti zenye thamani kubwa kuliko zote ndizo zisizoandikwa na mtu: anga safi, watu sita, darubini mbili, kuanzia saa 12:25 hadi 12:58 jioni, haukuonekana.